Setla Alikaa, Skwota Alichuchumaa

Jumatatu moja mwezi wa pili, mathe alifika kwa kibanda chake cha chapati na ndengu hapa Tuwan saa kumi na moja asubuhi, akapata mlango umechorwa X nyekundu. Haikuwa yake pekee. Laini yote ya vibanda, kuanzia kwa fundi wa viatu hadi kwa yule buda wa makaa, ilikuwa X, X, X. Saa nne wakapita jamaa wawili na faili. Mmoja akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma habari za mvua, "Nyinyi maskwota mko na siku kumi na nne."

Mathe hakubishana kuhusu siku. Alibishana kuhusu neno.

"Skwota ni nani? Mimi nalipa tikiti kila siku." Akaingia ndani akatoka na kopo la Kimbo limejaa tikiti, zingine zimefifia hadi hazisomeki. Jamaa akaangalia mbili tatu, akarudisha. Akasema hizo ni za kuuza, si za kukaa.

Jioni nikampigia kukhu simu nimwambie. Kukhu anakaribia miaka themanini na hana haraka ya kujibu kitu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kumbe bado wanatuita hivyo?"

Wasee, hiyo "bado" ilininyima usingizi. Kwa sababu mimi nilidhani skwota ni neno la juzi. Kabla niache chuo, semista nzima nililala kwa sakafu ya chumba cha beshte kwa hosteli, godoro linaingia chini ya kitanda kukicha. Kila mtu aliniita skwota na mimi nikacheka nao. Kwa rika letu skwota ni msee amekwama kidogo, anangoja mambo yanyooke. Ni utani. Sasa mathe anaitwa hivyo na mtu mwenye faili, na kukhu anasema aliitwa hivyo akiwa mtoto. Vizazi vitatu, neno moja. Nikaanza kulifuata nyuma kuona limetoka wapi.

Limetoka mbali. Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, karne ya 14 hivi, na wakati huo halikuwa na uhusiano wowote na ardhi. Kwa Kifaransa cha zamani, esquatir ilikuwa kuponda kitu, kukibonyeza hadi kiwe bapa. Waingereza wakalichukua na maana hiyo hiyo, na baadaye likaanza kumaanisha mtu kujibonyeza mwenyewe chini, yaani kuchuchumaa. Kwa hivyo ile skwoti unapiga gym ili upate mapaja ndiyo maana ya zamani kuliko hii ya ardhi. Waliposema squat walimaanisha kukaa chini bila kiti, kama vile watu hukaa wakisubiri matatu ambayo haijulikani itafika saa ngapi.

Ardhi iliingia baadaye, na iliingia kupitia Marekani. Mnamo 1788, James Madison, ambaye baadaye alikuwa rais wao, aliandika barua akataja watu wa Maine waliokuwa wamekalia mashamba ya wenyewe, akawaita squatters. Unaona picha. Mtu amechuchumaa kwa shamba. Hajakaa kabisa, hajasimama aende, na kiti hana.

Sasa shika hiyo picha ya kiti, kwa sababu hapo ndipo mimi nilishtuka.

Yule mwingine, settler, yule tunamwita setla, jina lake linatoka kwa kitenzi settle. Na mzizi wake uko kwa Kiingereza cha kale kabisa, kile cha kabla ya 1066, ambapo setl ilikuwa kiti. Kwa hivyo haya maneno mawili yote ni maneno ya kukaa. Setla ni mtu aliyekaa kwa kiti. Skwota ni mtu aliyechuchumaa. Wote wawili wamefika mahali wakashuka chini. Ni nani alipewa kiti?

Australia wanatupatia jibu zuri. Huko, miaka ya 1820 na 1830, skwota alikuwa mzungu aliyechukua kondoo wake akavuka mipaka ya serikali, akajitwalia malisho makubwa bila kibali cha mtu. Wenyeji walikuwa hapo kwa maelfu ya miaka na hakuwauliza. Kwanza neno lilikuwa tusi, maana yake karibu na mwizi. Lakini mwaka wa 1836 serikali ya New South Wales ikaamua badala ya kuwafukuza iwauzie leseni, pauni 10 kwa mwaka. Basi. Jamaa wakawa na karatasi. Katika muda wa maisha ya mtu mmoja, skwota wa Australia akawa tajiri wa kijiji, mwenye nyumba kubwa, mtoto anasoma Uingereza, na watu wakatunga neno la kuwacheka kama tabaka la mabwana. Kitendo hakikubadilika hata kidogo. Waliketi palepale. Kilichobadilika ni karatasi, na neno likapanda cheo nayo.

Kenya neno halikuja na hiyo njia ya Australia. Lilikuja kupitia Afrika Kusini. Huko lilikuwa limebandikwa Mwafrika anayeishi kwa shamba ambalo karatasi yake iko na Mzungu, hata kama shamba lilikuwa la babu yake. Na masetla wengi wa mwanzo wa huku kwetu walitoka huko. Makaburu walipanda Uasin Gishu 1908 na magari yao ya ng'ombe. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ikawagawia wanajeshi wa Uingereza mashamba kwa mpango wa 1919, na Trans Nzoia ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizogawanywa. Reli ikafika Kitale 1926. Tayari kulikuwa na sheria ya ardhi ya 1915 iliyowaruhusu kukodi kutoka kwa serikali kwa miaka 999. Fikiria hiyo namba. Mtu anapewa miaka 999 kwa ardhi ambayo Wasabaot, Wapokot na wengine walikuwa wanalisha mifugo, na kwa lugha ya karatasi yeye ndiye "amekaa".

Lakini setla alikuwa na shida moja. Hakuwa na wa kulima. Shamba kubwa, mikono hakuna. Kwa hivyo akafungulia mlango watu kama babake kukhu, ambaye alitoka upande wa Kimilili na ng'ombe wake kwa sababu nyumbani malisho yalikuwa yanaisha. Mkataba ulikuwa hivi: lima kwangu, na wewe utapata mahali pa nyumba, kipande cha kulima, na malisho. Sheria ya 1918 ikaandika siku: zisipungue 180 kwa mwaka. Ukifanya hizo siku, unakaa. Usipofanya, unaondoka.

Sasa soma tena hiyo. Kuna mkataba. Kuna sheria. Kuna mwajiri aliyekuita mwenyewe. Hapo kuna kuchuchumaa gani? Kwa Kiingereza cha kawaida squatter ni mtu aliyeingia bila ruhusa. Skwota wa Kenya alikuwa mtu aliyeingia kwa ruhusa, akafanya kazi ya kulipia hiyo ruhusa, na bado akapewa jina la mvamizi. Yaani neno lilikuwa uongo tangu siku ya kwanza kutumika hapa. Na nadhani lilikuwa uongo wa maana, kwa sababu ukimwita mtu skwota tangu mwanzo, siku ya kumtoa huhitaji kueleza kitu. Jina limeshaeleza.

Na siku ya kumtoa ilifika. Maskwota walikuwa wamefanikiwa kupita kiasi. Ng'ombe wao waliongezeka, mahindi yao yaliuzika. Setla akaanza kuona mtu wa kumlimia amegeuka mshindani. Mwishoni mwa miaka ya 1920, mashamba ya Bonde la Ufa yalianza kuwapunguzia mifugo kwa nguvu, na watu wakaipa hiyo kampeni jina la Kiswahili ambalo halihitaji maelezo: kifagio. Mwaka wa 1937 ikatungwa sheria nyingine, ikaanza kazi 1940. Hiyo iliwapa mabaraza ya masetla wa kila wilaya nguvu ya kuamua skwota afuge ng'ombe wangapi, alime ekari ngapi, na siku za kazi zingeweza kufika 270 kwa mwaka. Ikamweka kama kibarua anayeishi kwa shamba la bwana wake. Upangaji wowote ukafa hapo. Ukiachishwa kazi, umeachishwa na nyumba. Hata hivyo kufikia 1945 maskwota walioandikishwa kwenye zile Nyanda za Juu za Wazungu walikuwa zaidi ya 200,000.

Kukhu alizaliwa kwa shamba kama hilo, njia ya kwenda Endebess, miaka michache baada ya hapo. Nilipomuuliza anakumbuka nini, hakuniambia kuhusu kupigwa au kutukanwa. Aliniambia kuhusu hesabu. Kulikuwa na siku ya kuhesabu ng'ombe, na siku moja kabla, babake alikuwa anawatembeza wale wa ziada usiku kwa giza hadi kwa mtu wa ukoo wao ng'ambo ya mto. Watoto walikatazwa kuita ng'ombe kwa jina hadi wahesabuji waondoke. "Ng'ombe akiitwa, anaitika," akasema. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Usidhani watu walikubali tu. Hapa hapa kwetu, Elijah Masinde wa Kimilili, ambaye kabla ya siasa alijulikana kwa mpira, alianzisha Dini ya Msambwa miaka ya 1940. Alisema wazi kwamba Wazungu waende kwao na watu warudi kwa misambwa yao. Wakoloni walimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, halafu wakamwachilia 1947. Februari 1948, polisi walifyatulia risasi wafuasi wake Malakisi na watu 11 wakafa. Yeye akakamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu, akakaa huko zaidi ya miaka kumi. Wengi wa wafuasi wake walikuwa wapi? Kwa mashamba ya Trans Nzoia, wakifanya zile siku zao. Na upande wa Nakuru, hasira ya maskwota wa Kikuyu ikawa moja ya mizizi ya Mau Mau. Tabitha Kanogo ameandika kitabu kizima kuhusu hiyo, kilitoka 1987.

Uhuru ukaja na neno likageuka tena. Hapa ndipo historia yake inanichanganya kuliko popote.

Mwaka wa 1965 serikali mpya ilimteua kamishna maalum wa kushughulikia maskwota, na kukaanzishwa mipango ya kuwapa makao iliyoitwa Haraka. Hilo ndilo jina, sijalitunga. Ghafla kuwa skwota hakukuwa aibu pekee, kulikuwa foleni. Ulitaka jina lako liwe kwa orodha. Hadi leo ukisikiza habari utasikia kuhusu "maskwota halisi", na watu wanaapa mbele ya chifu kwamba wao ndio halisi na wale wengine wameletwa juzi na lori. Mtu analilia jina ambalo babu yake alitukanwa nalo, kwa sababu sasa ndilo tikiti ya hati miliki. Likoni, Mombasa, watu waliishi kama maskwota kwa shamba la Waitiki miaka mingi, zaidi ya ekari 900, na mwaka wa 2016 wakaanza kupewa hati, na deni la kulipa pia. Pwani hilo neno ni zito zaidi kuliko huku, kwa sababu huko unaweza kupata kijiji kizima chenye makaburi ya babu wa babu, na kwa karatasi wote ni maskwota wa mtu wanayemjua kwa jina tu.

Trans Nzoia masetla walipoondoka, mashamba yaliuzwa kwa mwenye pesa. Mengine yakawa ya shirika la kilimo la serikali, ADC, lililoundwa 1965. Ukikuwa na doh ya kununua hisa kwa kampuni au ushirika, ulipata. Babake kukhu alikuwa na ng'ombe wachache na mkataba wa shamba ambalo mwenyewe ameshapanda ndege. Mkataba haukununua hata hisa moja. Wakaondoka Endebess. Ndiyo maana mimi ni mtoto wa Tuwan.

Mwaka wa 2004 ilitoka ripoti ya tume ya Ndung'u kuhusu ardhi ya umma iliyogawanywa kinyume cha sheria. Ndani yake kuna mashamba ya ADC, na mipango ya makao iliyokusudiwa watu wasio na ardhi ikaishia kwa wanasiasa, wafanyakazi wa serikali na marafiki zao. Sasa mimi nauliza kama mtu wa kuchunguza maneno. Hao walikaa kwa ardhi isiyo yao. Walikaa bila haki. Kwa maana ya kamusi, hao ndio maskwota kuliko mtu yeyote Tuwan. Umewahi kusikia waziri akiitwa skwota? Yeye huitwa mstawishaji wa kibinafsi. Akikosa bahati kabisa, mnyakuzi. Lakini skwota, hapana. Hilo limewekewa watu wa mabati.

Hata huko lilikozaliwa, bado linahama. Mwaka wa 1946, baada ya vita, familia za Uingereza zisizo na nyumba ziliingia kwa kambi tupu za jeshi na magazeti yakaziita squatters, na watu wengi wakaziunga mkono. Tangu Septemba 2012, England na Wales, kuingia kwa nyumba ya mtu na kukaa kama skwota ni kosa la jinai. Neno likawa na huruma, likaisha huruma.

Kuna kitu kingine nimegundua nikiandika hii. Kwa Kiswahili setla ako na jina lingine, mlowezi. Hilo ni neno letu kabisa, kutoka kulowea, mtu kufika mahali akazoea akakaa. Mwafrika aliyelima hilo shamba anaitwa skwota. Yaani mgeni alipata jina la Kiswahili na mwenyeji akapata jina la Kiingereza. Na tunasoma hivyo kwa vitabu vya shule na hatusimami.

Kibukusu hakikuwa na hiyo shida. Khumenya ni kuishi mahali. Omumenya ni mtu anayeishi hapo, na zamani lilitumika pia kwa mgeni ambaye ukoo mwingine umempa mahali pa kulima na kujenga. Kila mtu alijua ardhi si yake. Hakuna aliyejifanya hajui. Lakini jina lake lilisema anaishi. Halikusema amechuchumaa. Nilimuuliza kukhu, hapo Endebess wao kwa wao walijiitaje. Akanijibu, "Babamenya. Hilo lingine lilikuwa la ofisi."

Najua kuna mtu atasema mimi natetea watu kukaa popote. Sitetei. Kibanda cha mathe kiko kando ya barabara, na barabara inahitaji nafasi, hiyo naielewa. Sisemi pale ni petu. Ninachosema ni kwamba kuna tofauti kati ya kumwambia mtu "tunahitaji hapa, wewe umelipa tikiti miaka kumi na moja, tuongee utaenda wapi" na kumwambia "nyinyi maskwota". Sentensi ya kwanza ina mtu ndani. Ya pili imemaliza mazungumzo kabla yaanze. Ofisi iliyokuwa inapokea hizo shilingi kila asubuhi haikuwahi kumuita skwota wakati inapokea.

Siku kumi na nne ziliisha. Hakuna aliyekuja. X bado iko, imeanza kuoshwa na mvua, na mathe bado anafungua saa kumi na moja. Amenunua kopo la pili la tikiti, hili ni la plastiki, lina kifuniko kizuri. Nilimwambia kwamba hizo karatasi hazitamsaidia, kwamba nimesoma miaka mia moja ya watu waliokuwa na karatasi isiyo sahihi. Akaniambia kwamba najua mambo mengi sana kwa mtu ambaye bado anakula ndengu zake bure.

Kisha akasema kama wakirudi wanaweza kumwita mama wa chapati, wanaweza kumwita kwa jina lake, au wanyamaze tu wabomoe. Lakini hilo neno wasiliseme hapo.

Kwa hivyo kazi yangu kwenu leo ni ndogo. Wiki hii ukisikia maskwota kwa habari, uliza maswali mawili tu: nani anaongea, na karatasi yake iliandikwa lini. Na kama kukhu wako, shosho wako, dani wako bado ako, mpigie umuulize alizaliwa kwa shamba la nani. Mimi sikuwahi kuuliza hadi X ilipochorwa.